MPIGA KINANDA WETU HATASIMAMISHWA



Neno la leo ni Marko 9:38-40. Tafadhali lisome kabla hujaendelea. Ulioko kwenye matatu, fungua Biblia ya simu. Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida na si wa kubembeleza. Kama umezoea nikutumie baraka za asubuhi na picha ya jua likichomoza, leo utanivumilia.

Jumamosi usiku, vijana wanamuziki wa mji wetu walikusanyika katika chumba kimoja, wakasimamisha simu mbili, wakaimba kwa saa 3 moja kwa moja mtandaoni. Hawakuuza tiketi. Chini ya picha waliweka nambari ya M-Pesa ya shirika dogo linalotoa ushauri nasaha bila malipo kwa wagonjwa wa akili na jamaa zao. Katikati ya nyimbo watu walizungumza. Alizungumza mama anayemlea mwana mgonjwa. Alizungumza kijana aliyewahi kutaka kufa na leo anashukuru yuko hai. Akazungumza muuguzi. Na aliyekuwa kwenye kinanda ni kijana wetu, huyu huyu anayetupigia kila Jumapili.

Kabla ibada ya kwanza kuanza, kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa kinawaka. Nimezisoma jumbe zote. Kwamba amechanganya nuru na giza. Kwamba vidole vya madhabahuni vimepigia muziki wa dunia. Kwamba sonona ni jina la kisasa la pepo. Kwamba hayo ni mambo ya wazungu, mtu akishiba na akiomba hawezi kuugua mawazo. Jumatatu jioni wazee watatu wa kanisa, watu ninaowaheshimu kama baba zangu, walikuja nyumbani. Mama mchungaji akawapa chai. Wakaniomba nimsimamishe kijana huduma kwa miezi 6 ili atubu.

Wazee wangu, niliwaambia nitajibu. Ninajibu mbele ya kanisa lote kwa sababu kijana alisemwa mbele ya kanisa lote. Hatasimamishwa. Jumapili mtamkuta kwenye kinanda chake. Na kama kuna mtu wa kutubu katika jambo hili, ni mimi mchungaji wenu. Nitawaeleza nilichokosa kabla sijamaliza.

Kwanza tuingie kwenye Neno.

Katika Marko 9:38 Yohana anamletea Yesu ripoti akiwa na fahari. Wamemwona mtu akitoa pepo kwa jina la Yesu, nao wamemkataza. Sababu yao ni moja tu: mtu huyo haandamani nasi. Hakuwa kwenye kikundi chao. Yesu akawaambia wasimkataze.

Hapo mmehubiriwa mara nyingi. Lakini rudi juu katika sura hiyo hiyo, kuanzia mstari wa 14. Baba mmoja alimleta mwanawe anayeanguka chini na kutoka povu. Aliwaletea wanafunzi hawa hawa. Wakajaribu, wakashindwa. Watu wakakusanyika, waandishi wakabishana nao, aibu tupu. Kisha baadaye, katika sura hiyo hiyo, walioshindwa kumsaidia mtoto mmoja wanamkataza mtu anayewasaidia wengine!

Mtu wa Mungu, soma tena. Walioshindwa ndio walioenda kumkataza aliyeweza.

Hiyo ndiyo picha ya kikundi chetu cha WhatsApp Jumapili asubuhi. Nawauliza kwa upendo, na kila mmoja ajibu moyoni mwake: katika miaka yote ya kanisa letu, ni mgonjwa gani wa akili tuliyemlipia hata nauli ya kwenda kliniki? Mimi nimesimamia harambee za figo. Nimesimamia harambee za saratani, za watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo, za vijana waliovunjika miguu kwenye bodaboda. Tumenunua mabati, tumenunua vipaza sauti, tumenunua hicho kinanda. Sijawahi kusimamia harambee hata moja ya akili. Hata moja. Vijana hawa wamefanya ya kwanza mjini mwetu, nasi tunataka kumwadhibu aliyewapigia.

Mtaniambia, mchungaji, yule wa Marko alitumia jina la Yesu, hawa waliimba nyimbo za mapenzi na za maisha. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba ilikuwa ibada. Basi twende Luka 10. Kuhani alipita. Mlawi alipita. Hao ndio watu wa madhabahu, na Walawi ndio waliokuwa waimbaji wa hekalu. Aliyesimama ni Msamaria, ambaye Wayahudi hawakumhesabu kuwa na imani sahihi. Alifunga jeraha, akamimina mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akalipa dinari 2 kwa mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kulipa zaidi akirudi. Yesu hakumchunguza Msamaria alikuwa akiimba nini njiani. Aliuliza ni nani aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia wanyang'anyi. Swali hilo linatungoja sisi pia, na sioni jinsi ya kulijibu kwa jina la kwaya yetu.

Sasa wale wanaosema muziki hauna kazi kwenye ugonjwa wa akili. Hawa wananishangaza zaidi, maana hata Biblia ya watoto wa Sunday School ina habari hii. 1 Samweli 16, kuanzia mstari wa 14. Mfalme Sauli anasumbuliwa, hana amani, hana usingizi wa roho. Watumishi wake wanashauri atafutwe mtu ajuaye kupiga kinubi. Analetwa Daudi. Kila Sauli aliposumbuliwa, Daudi alipiga kinubi kwa mkono wake, na Sauli akaburudika, akawa vyema.

Tazama mambo mawili. La kwanza, Sauli alikuwa mtu ambaye Bwana alikwisha kumkataa asiwe mfalme. Hakuwa mshirika mzuri. Daudi alikuwa amekwisha kutiwa mafuta na Samweli. Hakusema, vidole vyangu vilivyotiwa mafuta haviwezi kumpigia mtu kama huyu. Alimpigia. La pili, kinubi hakikutosha. Ukifika sura ya 18, Daudi anapiga kinubi na Sauli anamrushia mkuki. Muziki ulimtuliza, lakini haukumponya. Ndiyo maana ninapenda kwamba vijana wetu hawakuimba tu wakaenda kulala. Waliimba na kuchangisha pesa za washauri, watu watakaokaa na mgonjwa kesho na kesho kutwa, wakati spika zimezimwa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani kulikuwa na mwimbaji wa kundi la Linkin Park aitwaye Chester Bennington. Alikuwa na jina, alikuwa na mali, alikuwa na mke na watoto. Julai 2017 alijiua akiwa na miaka 41. Mjane wake, Talinda, hakujificha kwa aibu. Pamoja na Kevin Lyman, mwandalizi wa matamasha, alianzisha tamasha la afya ya akili lililoitwa 320, kwa kuwa mumewe alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 3. Lilipangiwa kufanyika Los Angeles mwaka 2020. Korona ikaja, kumbi zikafungwa. Wangeweza kuahirisha. Badala yake walilipeleka mtandaoni mwezi wa Mei kwa siku 3, nyimbo na mazungumzo ya afya ya akili pamoja, wakati ule ule ambapo watu wengi duniani walikuwa wamefungiwa ndani na mawazo yao. Mwanamke aliyepoteza mume alitumia muziki kuwatafutia wengine msaada ambao mumewe hakuupata kwa wakati. Nani hapa ana ujasiri wa kumwambia amechanganya nuru na giza?

Na mnaosema nyimbo hazibadilishi kitu, sikilizeni hesabu. Mwaka 2017 mwimbaji wa Marekani anayeitwa Logic alitoa wimbo ambao jina lake ni nambari ya simu tu, ile ya huduma ya Marekani ya kuwasaidia watu wanaotaka kujiua. Desemba 2021 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti kuhusu wimbo huo. Watafiti walitazama siku 34 ambazo wimbo ulizungumzwa zaidi na umma. Katika siku hizo simu zilizopigwa kwa huduma ile zilizidi matarajio kwa karibu 10,000, na vifo vya kujiua vilikuwa pungufu kwa 245 kuliko ilivyotarajiwa. Watafiti ni waangalifu, hawasemi wimbo peke yake ndio uliofanya yote. Lakini mimi ni mchungaji, ninajua thamani ya nafsi moja. Niambieni ni mahubiri yangu gani yamewahi kuandikiwa habari kama hiyo.

Sasa tuje kwenye pepo, maana najua hapo ndipo mnaponingojea.

Mimi ni Mpentekoste. Ninaamini pepo wapo. Nimewakemea, nimeona watu wakifunguliwa, na nitaendelea kuwakemea kwa jina la Yesu. Asije mtu akasema mchungaji amepoa. Lakini fungua Mathayo 4:24. Watu wanamletea Yesu wagonjwa, na Mathayo anawaorodhesha: wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Anawataja kila kundi kwa jina lake. Mathayo, aliyekuwa mtoza ushuru na mtu wa hesabu, hakuwaweka wote kwenye safu moja. Sisi tumewezaje? Mtu akiwa na kisukari tunamwambia apunguze sukari na aende kliniki. Akiwa na shinikizo la damu tunamwombea na kumkumbusha dawa. Akilia miezi 3 bila sababu, akashindwa kula, akashindwa kulala, tunamwita mbele, tunamsukuma kichwa, na asipoanguka tunasema hana imani.

Nendeni 1 Wafalme 19. Eliya ameshusha moto Karmeli. Siku chache baadaye amelala chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtwae roho yake, amechoka kuishi. Huyo ni nabii aliyejaa nguvu! Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea pepo. Hakumwambia afunge siku 3. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate uliookwa na gudulia la maji. Akamwacha alale tena. Akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Kisha akamsikiliza malalamiko yake mara mbili, bila kumkatiza. Mwisho akampa Elisha, mwenzake wa kutembea naye. Usingizi, chakula, kusikilizwa, mwenzi. Tukitoa malaika, hiyo ndiyo kazi ya wale washauri tunaowapiga vita.

Na Eliya hakuwa peke yake. Musa aliomba auawe, Hesabu 11. Yona aliona afadhali kufa, Yona 4. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, Ayubu 3. Yeremia naye, sura ya 20. Ukisema mtu wa Mungu hawezi kufika mahali pa kuchoka kuishi, umewafukuza kanisani manabii wetu wote hao.

Sasa maungamo yangu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana katika kanisa hili, mwalimu, mtumishi mzuri wa Mungu. Wengi wenu mnamkumbuka. Nimeomba ruhusa kwa mama yake kabla ya kuandika haya, akaniambia, andika mchungaji, labda yatamsaidia mtoto wa mwingine. Kijana alikuja ofisini kwangu akaniambia amepewa dawa na daktari wa akili, na anaona aibu kuzimeza. Aliniuliza kama ni dhambi. Alikuwa anatafuta neno moja tu kutoka kwangu. Mimi nilimwambia achague, ama tembe ama imani. Nilisema hivyo kwa sauti ya upako. Nilimwekea mikono, nikamwombea, akatoka akitabasamu, na mimi nikarudi kwenye maandalizi ya semina.

Aliacha dawa. Miezi 2 baadaye tulimpoteza. Alijiua.

Sijui kama dawa zingemwokoa. Daktari mwenyewe hawezi kuapa hivyo. Lakini ninajua nilichomwondolea mkononi, na ninajua sikumpa kitu mahali pake. Sikumtembelea. Sikumpigia simu. Nilimwambia ashike imani, kisha nikamwacha aishike peke yake.

Bado sijafika mwisho. Matanga yalipofika nilisema kanisa haliwezi kufanya ibada kamili kwa mtu aliyekufa hivyo. Nilisema kwaya isiimbe. Kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu usiku, akapiga magoti, akaniomba ruhusa apige hata wimbo mmoja tu kwa ajili ya mama wa marehemu. Nilimkatalia. Tulimzika kimya, kama mwizi. Mama yake alisimama kando ya kaburi la mwanawe na hakuna aliyemwimbia.

Kijana aliyepiga magoti ni huyu mpiga kinanda.

Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kumsimamisha. Jumamosi usiku alipigia walio hai kile nilichomkataza kumpigia aliyekufa. Na mama yule aliyezungumza kwenye tamasha kuhusu mwanawe mgonjwa, mimi nilimtazama kwenye simu nikajiambia, huyu amepata mahali pa kusema. Mama wa mwalimu wetu sisi tulimpa kimya.

Nilikosa. Nilimwendea mama nikamwomba msamaha, na Mungu amrehemu, alinisamehe. Sasa nawaomba ninyi pia.

Turudi kwa wanaosema haya ni ya wazungu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wengi wao ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Hospitali ya Mathari imepokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910. Kwa zaidi ya miaka 100 Wakenya wamelazwa pale, na sisi kazi yetu imekuwa kulifanya jina la hospitali kuwa tusi. Mtu akikosea kuegesha gari tunamwambia arudi Mathari. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliishauri serikali itangaze afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Hao waliotoa maoni mbele yake walikuwa Wakenya, wala si wageni.

Na sheria? Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema anayejaribu kujiua ni mkosaji, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Fikiria hilo. Mtu anaokolewa akiwa taabani, anaamkia kitanda cha hospitali, na askari anamngoja mlangoni. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Jaji wa serikali ameona kwamba mtu huyu ni wa kutibiwa na si wa kuadhibiwa. Je, kanisa la Yesu litabaki nyuma ya mahakama? Sisi tuliopewa ujumbe wa rehema ndio tutakuwa wa mwisho kuwa na rehema?

Wengine hawakugusa pepo wala wazungu. Walisema vijana hawa wanatafuta jina na pesa. Nitawajibu kwa haki, maana swali la pesa ni swali halali. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijihadhari asilaumiwe kuhusu mchango aliousimamia, akataka mambo yawe sawa mbele za Mungu na mbele za watu pia. Kwa hiyo ndiyo, nimewauliza vijana. Wameniambia nambari ile ni ya shirika lenyewe na si simu ya mtu, na kwamba wataweka hadharani kiasi kilichopatikana na kilivyotumika. Nitawafuatilia. Wasipofanya hivyo nitaandika tena, na sitawaonea haya.

Lakini tujitazame sisi pia. Machi 2020 makanisa yalipofungwa, tulijifunza haraka kuhubiri kwenye simu. Julai tuliporuhusiwa kurudi, ilikuwa watu 100 tu kwa saa 1, wazee wa zaidi ya miaka 58 wakabaki nyumbani. Ibada za mtandaoni zikaendelea, na nambari ya sadaka ikakaa chini ya picha tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho. Hakuna aliyesema tunatafuta jina. Hakuna aliyeuliza hesabu. Mkono unaomnyooshea kijana kidole ni ule ule ulioandika nambari yetu kwenye skrini. Amosi 5:23 inasema Mungu alichoka na kelele za nyimbo za watu waliosahau haki. Wale walikuwa waimbaji wa dini. Tusidhani wimbo ukiwa na jina la Bwana umekwisha kupita mtihani.

Nanyi wanamuziki, mlioko kanisani na mlioko nje, nina neno kwenu, maana kuwatetea si kuwapaka mafuta. Msiimbe siku moja mkaondoka. Msitumie machozi ya mgonjwa kupata watazamaji. Mtu akisimulia maisha yake kwenye tamasha lenu, hakikisheni amekubali akiwa na utulivu, na kuna mtu wa kukaa naye taa zikizimwa. Msieleze kamwe jinsi mtu alivyojiua. Msiseme amepumzika, kana kwamba kifo kilikuwa suluhisho, maana kuna anayewasikiliza usiku huo akiwa ukingoni. Wekeni nambari ya msaada kwenye skrini muda wote, kama mnavyoweka ya mchango. Na mkishachangisha, toeni hesabu.

Sasa kanisa letu. Maneno bila matendo Yakobo aliyamaliza, sura ya 2, mstari wa 15 na 16: kumwambia aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa kitu hakumfai lolote. Kwa hiyo nimeamua haya, na wazee nitaketi nao Jumatano tuyapange vizuri.

Kuanzia leo hakuna mtu atakayeambiwa katika kanisa hili aache dawa za daktari. Awe mchungaji, mwombezi au nabii mgeni, akisema hivyo kwenye madhabahu yetu nitamnyang'anya kipaza sauti mbele ya watu. Tutaomba, tutafunga, tutaweka mikono, na mgonjwa atameza dawa yake na kurudi kliniki tarehe aliyopewa. Aliyeponywa, daktari atamwambia. Wale wakoma 10 wa Luka 17 Yesu aliwatuma kwa makuhani wakakaguliwe.

Sadaka ya Jumapili ya mwisho ya kila mwezi itakuwa ya nauli, dawa na ushauri kwa wagonjwa wa akili na jamaa zao, na hesabu itasomwa kanisani.

Mtu wetu akifa kwa kujiua, atazikwa kama mtu wetu. Kwaya itaimba.

Na mwezi wa Oktoba, jioni ya tarehe 10, ambayo ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, kanisa letu litafanya jioni ya nyimbo mtandaoni. Nimewaalika vijana wale wa Jumamosi waje waimbe pamoja na kwaya. Mzee mmoja ameniuliza, je, wakija na gitaa zao na nywele zao? Waje nazo. Labda tutakapoimba nao kwa ajili ya mgonjwa, watasikia pia habari za Yule tunayemwimbia. Lakini hata wasipookoka usiku huo, mgonjwa atakuwa amepata nauli.

Kwako wewe unayesoma haya usiku na umechoka kuishi, naacha mahubiri nizungumze nawe. Hujalaaniwa. Huna imani ndogo kuliko Eliya. Usibaki peke yako usiku huu. Mwamshe mtu nyumbani, au piga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo, au Befrienders Kenya, 0722 178 177. Ukitaka kuniandikia mimi, niandikie. Sitakusukuma kichwa. Nitakusikiliza, nitakuombea, na asubuhi nitakusindikiza kliniki mimi mwenyewe.

Tuombe. Baba, utusamehe tuliowakataza wengine kufanya tulichoshindwa sisi. Mfariji mama aliyezika mwanawe bila wimbo. Wakumbuke walio chini ya mretemu usiku huu, uwape usingizi, uwape mkate, uwape mtu wa kukaa nao. Bariki vidole vya kijana wetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Usiandike Amina hapa chini kisha ukapita. Kabla hujalala mpigie simu mtu mmoja ambaye hujamwona kanisani siku nyingi, umuulize hali yake, na umsikilize mpaka amalize.

Mchungaji wenu.